Ghorofa ya Kwanza

Saa nne asubuhi upande mmoja wa jengo la ghorofa nne uliporomoka, mafundi wakiwa kazini. Karani wa stoo alitoka kibandani kwake kalamu ikiwa bado sikioni, akaona vumbi tu mahali mumewe alipokuwa akipiga plasta. Waashi walimwita mume huyo Timazi, jina la kipimo chao cha kunyooshea kuta, maana ukuta wake haukupinda hata kwa bahati mbaya.

Simu ya karani ikaita.

"Mama watoto, niko hai. Niko ghorofa ya kwanza, karibu na ngazi. Mguu umebanwa."

Waokoaji walipofika, mkuu wao alikuwa mhandisi mgeni asiyejua Kiswahili, na mkalimani wake alikuwa ameondoka na majeruhi. Mdogo wake Timazi akamsukuma karani mbele.

"Nenda wewe, shemeji. Wewe ndiye unayesoma lebo za Kiingereza kila siku. Sisi tunajua 'yes' na 'no' tu, na hizo zenyewe tunazichanganya."

Hakuna aliyecheka. Karani akamwambia mgeni: "First floor. Near stairs."

Mgeni akaitikia kwa kichwa. Mashine zikaanza kukata zege. Saa nzima ikapita, karani simu sikioni.

"Wanakuja, baba watoto. Unawasikia?"

"Kwa mbali. Ni kama wako chini yangu."

Chini yake? Karani akainua macho. Mgeni alikuwa akiandika namba moja kwa chaki nyekundu kwenye ukuta wa chini kabisa, pale mtu anapoingilia kutoka nje.

"First floor?" karani akauliza, akiunyooshea kidole.

"Yes. First."

Kumbe kwa mgeni hesabu inaanzia chini! Kwa karani, ghorofa ya kwanza ni ile unayoifikia baada ya kupanda ngazi.

"No! Ground! This ground floor! My husband up!"

Akaokota msumari, akachora mchangani masanduku matano, moja juu ya jingine, akalichoma la pili kutoka chini mara tatu. Mgeni akabadilika rangi, kisha akawapigia kelele watu wake wapande.

Walipomkaribia Timazi, mgeni akauliza: "Column? Beam?"

Maneno hayo karani aliyaona kila wiki kwenye orodha za nondo, na kila wiki aliyachanganya. Angekosea, wangekata nguzo na vyote vya juu vingemshukia mumewe. Hakuthubutu kubahatisha; akamuuliza mumewe simuni.

"Kilichokubana kimesimama au kimelala?"

"Kimelala. Ni boriti. Fanya haraka, mke wangu, mguu siusikii tena."

Akaulaza mkono wake hewani mbele ya uso wa mgeni, akarudia, machozi yakimtiririka.

"Beam," mgeni akasema.

Walimtoa alasiri, akiwa hai. Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari alisema angefikishwa saa moja mapema, huenda ungepona.

"Usimwambie," shemeji yake akamsihi nje ya wodi. "Yaliyopita si ndwele."

"Ndwele yangu hii bado iko humu kifuani."

Siku ya tatu akamweleza mumewe yote, bila kujitetea. Timazi akageukia ukutani.

"Hata mimi ningesema hivyo hivyo," akasema.

Kisha akalia kwa sauti. Mkewe hakujua kama amesamehewa. Akapanda kitandani, akajibana pembeni yake, na Timazi hakumwondoa.