Chumba cha Tano

Bibiana aliinunua nyumba ya Newala kwa sababu ya chumba cha tano. Vile vinne vya mwanzo vilikuwa vya kawaida tu, kuta za udongo zilizopigwa plasta na madirisha madogo. Hiki cha tano kilijengwa baadaye upande wa uani, kwa matofali ya saruji, kina madirisha mawili makubwa na sakafu iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Alipokiona tu alijua hakitakaa wazi bila mpangaji.

Yeye mwenyewe anaishi Masasi, anauza vitenge sokoni. Marehemu mumewe alimwachia mikorosho, na misimu miwili mizuri ilimpa nguvu ya kutafuta nyumba ya kupangisha. Bei za Masasi zilimshinda, ndiyo akapanda gari kwenda Newala. Dalali alimpokea stendi, akamtembeza chumba hadi chumba huku simu ikiwa sikioni. Mwenye nyumba, Tahiri, alikuwa ameshahamia Mtwara na familia yake.

"Kisima kiko wapi?" Bibiana aliuliza. Newala maji ni shida, na nyumba nyingi za zamani zina kisima kilichochimbwa uani na kusakafiwa, cha kuvunia maji ya mvua.

"Ah, mama, nani anahangaika na visima siku hizi?" Dalali alimwonyesha tangi jeusi la plastiki kwenye kona. "Maji yote ya bati yanaingia humo."

Gari la kurudi Masasi lilikuwa karibu kuondoka. Bibiana akaridhika.

Chumba cha tano alikichukua Sijaona, fundi cherehani, binti mpole aliyetoka Makote kuja kujitegemea. Aliweka cherehani yake ya miguu karibu na dirisha, kitanda akakisogeza ukutani. Walielewana sana na Bibiana. Walipigiana simu hata pasipokuwa na shida yoyote ya nyumba.

Mwezi wa kumi na moja Bibiana alipanda tena Newala kukagua mifereji ya bati kabla mvua hazijaanza. Sijaona alimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama Julia."

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri. Usisimame juani, ngoja nikutolee kiti."

Akaingia ndani huku akiendelea kuongea. Alikuwa anasimulia sare za kwaya alizopewa kushona, jinsi kitambaa kilivyo kizito, na hapo ukatoka mlio kama wa tawi kubwa linalovunjika. Maneno yakakatika. Vumbi likatoka mlangoni likampiga Bibiana usoni.

"Sijaona?"

Alisogea hadi kizingitini, akashika fremu ya mlango. Katikati ya chumba sakafu haikuwepo. Palikuwa na shimo jeusi, pana kuliko kitanda, na kitanda chenyewe kilikuwa kimeinamia humo, miguu miwili ikiwa hewani. Cherehani haikuonekana. Sijaona hakuonekana. Bibiana akaita tena jina lake. Akatazama dirishani, akatazama kona zote za chumba, kana kwamba binti yule angeweza kuwa amesimama mahali fulani. Ndipo akasikia maji yakichapwa chini kabisa.

"Mama! Niko kwenye maji! Kuna giza huku, mama!"

Bibiana akapiga yowe. "Jamani! Njooni jamani! Mtu amezama!"

Jirani, Mama Yasmini, alifika wa kwanza, mikono ikiwa na unga. Alimdaka Bibiana ambaye alikuwa tayari ametanguliza mguu ndani.

"Usikanyage! Patakumeza na wewe!" Kisha akainama kuelekea shimoni. "Sijaona, kaa ukutani! Usirudi katikati, zege jingine litaanguka!"

Mumewe, Ashiru, aling'oa mlango wa bafu, akaulaza juu ya shimo, akalala kifudifudi juu yake na kuteremsha ngazi. Wanaume wawili wa mtaani walimshika miguu. Sijaona akatoka taratibu, amelowa hadi kifuani, tope jeusi kichwani, mguu mmoja ukining'inia. Hakulia. Alimtazama Bibiana tu na kurudia maneno yaleyale: "Nalala humu. Mama Julia, mimi nalala humu."

Hospitali walisema mguu umevunjika. Bibiana na Mama Yasmini waliketi nje kwenye benchi. Bibiana akamgeukia mwenzake.

"Ulijuaje kama huko chini kuna ukuta?"

Mama Yasmini alishangaa swali lenyewe. "Si kisima kile? Tulikuwa tunachota maji pale sote. Tahiri alipotaka kuongeza chumba akalaza miti juu, akatandika bati, akamwaga zege. Sasa mti juu ya maji utakaa mpaka lini?"

"Mlijua?"

"Mtaa mzima unajua. Tulidhani umeambiwa. Wewe uliingia na dalali, ukatoka na dalali. Hukubisha hodi kwa mtu yeyote."

Bibiana alitoa simu akampigia Tahiri, na matusi aliyokuwa ameyaandaa yalikuwa mengi.

"Sakafu ya chumba chako cha tano imezama," alisema. "Imezama na mpangaji wangu."

Tahiri akasema kwa sauti ndogo, "Watoto wangu walikuwa wanalala humo. Pacha wangu. Walikuwa wanarukaruka humo kutwa..." Hakumaliza. "Fundi aliniapia kwamba lori lingeweza kupita juu yake." Bibiana akamsikia akiwaita watoto wale, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetaka kuhakikisha bado wapo. Badala ya kumtukana, akamwambia tu aje aone.

Tahiri alikuja mwenyewe kutoka Mtwara. Aliposimama kizingitini na kuchungulia miti iliyooza, alikaa chini kwenye mchanga. Alibeba gharama za matibabu, akanunua cherehani nyingine. Bibiana alimbembeleza Sijaona achague chumba chochote kati ya vile vinne, akae bure mpaka apone.

"Nashukuru, Mama Julia, lakini sitaweza," Sijaona alisema. "Hata hapa wodini nikishuka kitandani napapasa kwanza kwa mguu." Akarudi kwao Makote na magongo yake.

Bibiana alikibomoa chumba kile chote. Kisima kilisafishwa, kikafunikwa upya kwa zege lenye nondo, na mfuniko wa chuma wenye kufuli. Mvua ziliponyesha kikajaa.

Siku hizi akija mtu kuulizia chumba, Bibiana humpeleka kwanza uani, akafungua mfuniko ili mgeni ayaone maji kwa macho yake. Kisha humwonyesha nyumba ya Mama Yasmini.

"Nenda kapige hodi pale, uwaulize habari za nyumba hii," humwambia. "Mimi nakusubiri hapa. Wakishakueleza, ndiyo tutaongea."