Mwenzake Mheshimiwa

Siku hiyo mjinga alikuwa yeye, fundi vioo, wala hakuwa na wa kumsukumizia lawama. Ni yeye mwenyewe aliyemtaka kinyonga. Alimkuta uani kwa mteja, mtunza bustani keshanyanyua fagio, akamwambia, "Mwache, nipe mimi." Mtu ambaye hajawahi kufuga hata kuku! Lakini tangu afiwe na mkewe, nyumba yake ilikuwa kimya kiasi kwamba akipiga chafya anashtuka mwenyewe.

Akampa jina la Mheshimiwa kwa ule mwendo wake: hatua moja mbele, kisha anayumba papo hapo kama anangoja kupigiwa makofi.

Akamjengea kasri la vioo. Kazi safi, kingo zimesagwa, huwezi kujikata hata ukikusudia. Juu akaweka wavu, ndani tawi la mpera na bakuli la maji. Panzi aliwakamata mwenyewe, amepiga magoti kwenye majani, muuza rangi wa jirani akimcheka: "Fundi, leo tunakula nyama?"

Ukabaki ukuta wa nyuma. Kiumbe peke yake ndani ya boksi, atazungumza na nani? Fundi hakuhangaika mbali. Chumbani kulikuwa na kioo cha kujitazamia, kimegeuzwa uso ukutani tangu msiba. Akakikata, akakipachika, Mheshimiwa awe na mwenzake.

Siku ile ile Mheshimiwa akakolea rangi. Akawa mweusi, akavimbisha koo, akaachama mbele ya kioo. "Mwone anavyojishaua!" fundi akashangilia, na kila mteja akahadithiwa habari za kinyonga anayejipenda kuliko bibi harusi.

Kisha panzi wakaanza kubaki. Kisha yale macho, ambayo kila moja lilikuwa na safari zake, yakadidimia na kufumbwa mchana kweupe. Maji bakulini hayakupungua.

Dada mkubwa wa fundi, aliyezoea kuja kumkagua kama mwanafunzi, ndiye aliyemkokota hadi kwa daktari wa mifugo, kasri mikononi.

"Fundi, mimi mtu wa ng'ombe," daktari akasema. Hata hivyo akamshika kinyonga polepole, akamfinya ngozi ubavuni. Ngozi ikabaki imesimama. "Anakunywa wapi?"

"Hapo bakulini."

"Hawa hulamba matone kwenye majani. Bakuli kwake ni pambo tu. Na huko nyuma ni nini?"

"Kioo. Nimemwekea mwenzake."

Daktari akamtazama kidogo. "Kinyonga hataki mwenzake. Akimwona ni vita. Huyu ameshinda akipigana na adui asiyechoka wala kuondoka. Ule weusi unaousifia ni hofu."

"Atapona?"

"Mdondoshee maji kwenye majani. Lakini nisikudanganye, fundi. Amekwisha kabisa."

Wakarudi. Nyumbani fundi akachukua bomba la sindano, akadondosha tone kwenye jani mbele ya mdomo wa Mheshimiwa. Tone likateleza, likaanguka. Akadondosha jingine. Mheshimiwa alikuwa ameshika tawi kwa miguu mitatu. Wa nne ulining'inia.

"Kwanza toa hicho kioo," dada akasema.

"Nitakitoa. Ila usiniangalie hivyo, dada. Nilifanya kwa mapenzi."

"Nani amesema kwa chuki? Toa." Akaona fundi anazubaa, akakichomoa mwenyewe. Pembeni kulikuwa na doa la rangi ya kucha, jekundu. Dada akalipitishia kidole. "Hiki si cha wifi?"

"Kilikaa bure."

"Bure, au ulikigeuza?"

Fundi akadondosha tone jingine. Nalo likaanguka. "Kila nilipoingia chumbani nilimkuta humo kiooni mzee amekaa peke yake kitandani, ananikodolea macho. Nilishindwa. Lakini huyu ni mnyama, dada, ningejuaje? Niliona upweke utamuua. Kila kiumbe anataka wa kutazamana naye. Kosa langu liko wapi?"

Mguu wa tatu wa Mheshimiwa ukaachia tawi. Dada akakilaza kioo mezani, uso chini.

"Wewe mwenye mlango wa kutokea kilikushinda, mdogo wangu. Ukamfungia nacho asiye na mlango."