Sinema ya Jumamosi

Kila Jumamosi alasiri Mwenyekiti wa mtaa alitoa gari lake nje, akafagia banda, akapanga viti vya plastiki na kuwasha runinga aliyoitundika ukutani. Watu wa mtaa walikuja wameoga, wakakaa, wakapewa soda, na sinema ikaanza. Sinema yenyewe ilikuwa wao. Zilikuwa picha za wiki nzima kutoka kwenye kamera za nyumba zao, zile kamera nyeupe za mviringo zilizokaa juu ya kila geti kama mayai yasiyo na kuku.

Kamera zililetwa kwa sababu ya wizi. Hilo ni kweli, na anayekataa ni mbishi. Viatu vilikuwa vinatoweka vibarazani, mitungi ya gesi inatembea yenyewe, na nguo ukizianika lazima ukae uzilinde. Mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ndiye aliyeleta wazo, akaleta kamera zenyewe na fundi wa kuzifunga. Wezi wakapungua. Lakini watu wakishapewa tundu la kuchungulia, hawaulizi tena mwizi yuko wapi. Baada ya muda wakawa wanatazama nani karudi anapepesuka, nani kashushwa kona ile na gari la nani, nani kamwaga taka mtaroni akidhani yuko peke yake. Mwenyekiti alisimamisha picha palipo patamu, akairudisha nyuma, akaichezesha polepole, na banda zima likacheka mpaka soda zikawatoka puani.

Mama Mapazia naye alicheka. Tusipakane mafuta kwa mgongo wa chupa, alicheka kama wenzake. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa sababu hakukuwa na dirisha mtaani ambalo hakulishonea pazia. Duka lake lilikuwa chumba kimoja cha kupanga kwenye jengo la Mwenyekiti, pale kona, na kamera yake moja juu ya mlango iliuona mtaa hadi mwisho. Kicheko kilimkauka siku walipomweka Bi Povu kwenye runinga.

Bi Povu ndiye aliyekuwa akiwafulia. Alikuwa mwanamke wa makamo, vidole vimekunjamana kwa maji, asubuhi yuko nyumba hii, mchana yuko ile, furushi kichwani. Jina walimpa wao, akaliitikia. Wiki ile pampu ya maji ya Mama Famasia, mwenye duka la dawa, ilikuwa imeibwa uani kwake mchana kweupe, na kamera yake ya getini, alisema, ilimwonyesha mtu mmoja tu aliyetoka na mzigo. Mwenyekiti akabonyeza. Bi Povu akatokea getini na furushi lake, akatazama kushoto, akatazama kulia, kama anavyofanya mtu yeyote anayetaka kuvuka barabara.

"Mnaona anavyoangaza macho?" Mwenyekiti aliuliza. "Mtu mwenye haki yake anatazama mbele."

"Na lile furushi si la nguo," alisema Mwalimu, mstaafu ambaye kila wiki alikaa kiti cha mbele. "Itazameni shingo. Shingo inasema."

Wakaitazama shingo. Picha ilirudiwa, ikarudiwa tena, na kila iliporudiwa shingo ilizidi kuwa ya mwizi. Mwisho wakakubaliana kwamba Bi Povu arudishe pampu kabla ya Jumamosi ijayo. Asiporudisha, picha yake itachapishwa, itabandikwa kwenye nguzo za umeme na kutumwa kwenye makundi ya simu ya mitaa yote ya jirani. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Mfuaji aliyebandikwa nguzoni hafui tena kokote, na Bi Povu alikuwa analea wajukuu kwa mikono ile.

Mama Mapazia hakuridhika na habari ya shingo. Alirudi dukani, akakaa kwenye kigoda cha cherehani na kutafuta kwenye simu picha za kamera yake za Jumatano, siku pampu ilipopotea. Alimwona Bi Povu akipita na furushi, limebonyea juu kama mto wa kulalia. Pampu ya chuma haibonyei. Aliacha picha ziendelee, na muda si mrefu geti la nyuma la Mama Famasia likafunguliwa. Akatoka mtoto wa Mwenyekiti, yule wanayemwita Bosi Mdogo, mwanamume mzima mwenye ndevu zake, anasukuma toroli. Ndani ya toroli mlikuwa na gunia, na chini ya gunia pampu ilichungulia, mpira wa maji unaburutika chini. Alikuwa anapiga mluzi.

Jioni alimwonyesha mume wake, dereva wa lori, aliyekuwa nyumbani kwa mapumziko.

"Duka unalopanga ni la nani?" mume aliuliza bila kutoa macho kwenye sahani.

"La baba yake huyu."

"Basi umeshajijibu. Wewe ni mshona mapazia, mke wangu. Kazi ya pazia ni kufunika."

"Na Bi Povu?"

"Atapata mtaa mwingine wa kufua."

"Kwa picha ipi? Ile ya kwenye nguzo?"

Mume alinawa mikono, akaenda kulala. Mama Mapazia alibaki na simu mapajani. Macho hayana pazia, wahenga walisema, na yeye alikuwa ameshaona.

Asubuhi aliamua kwenda kwa mwenye mali. Aliyeibiwa akimjua mwizi wake, alijiambia, maneno yamekwisha, na yeye fundi hatakuwa amemchongea mtu. Alimkuta Mama Famasia nyuma ya kaunta yake anapanga maboksi ya dawa. Akampa simu. Mama Famasia aliitazama picha mpaka ikaisha, akamrudishia, akajifuta vidole kwenye koti lake jeupe.

"Kamera yako inaonyesha kwa mbali," alisema. "Ya Mwalimu inaonyesha hadi meno."

Mama Mapazia alidhani hakusikia vizuri. "Mwalimu ameiona hii?"

"Kamera yake si inatazama geti langu la nyuma? Alinitumia siku ile ile, hata chai ya jioni sijanywa. Na wale wa nyumba za jirani wakanitumia za kwao. Dada yangu, wewe ndiye umechelewa."

"Kwa hiyo unajua."

"Nitaachaje kujua? Mwenyekiti alikuja mwenyewe, akaniangukia. Pampu mpya imeshafungwa, tena nzuri kuliko ile."

"Sasa Bi Povu anaingiaje hapo?"

Mama Famasia alisukuma boksi la dawa ya kikohozi mpaka likalingana na wenzake. "Nilishapiga kelele kwenye kundi kwamba nimeibiwa. Kamera kila geti, halafu mwizi asipatikane? Tutachekwa na mitaa mingine. Lazima apatikane mtu, na yule hana wa kumuulizia."

Alisema hivyo kwa sauti ile ile ya kumwambia mgonjwa ameze viwili baada ya kula. Kisha akauliza mapazia yake ya sebuleni yatakuwa tayari lini.

Mama Mapazia alitoka nje, akasimama kando ya nguzo ya umeme. Bosi Mdogo hakumshangaza, mlafi ni mlafi tu, na baba kumfichia mwana ni aibu ya zamani. Kilichomtia kinyaa ni Mwalimu. Mzee wa watu, mvi kichwa kizima, ameona pampu kwa macho yake, ameona meno ya aliyeichukua, halafu akakaa kiti cha mbele na kuwaambia watu watazame shingo ya mfuaji. Na wote waliokuwa nyuma yake wakaitazama, soda mkononi, wakijua. Kikulacho ki nguoni mwako, na wao walikuwa wanamkagua anayewafulia nguo. Alijisikia mchafu kwa kuwa amewahi kukaa nao kwenye viti vile.

Jumamosi Bi Povu aliitwa, akaja bila pampu, kabeba furushi lake, kwa kuwa alikuwa anatoka kazini. Hakuna aliyempisha kiti. Alisimama kando ya runinga, na Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema.

"Sikuichukua," alisema Bi Povu. "Sina la zaidi."

Mwenyekiti alikuwa anavuta pumzi ya kutoa hukumu Mama Mapazia aliposimama. "Mwenyekiti, na mimi nina picha. Naomba tuione kabla hujasema."

Mwenyekiti alifurahi. Alidhani ni kichekesho cha wiki. Aliichukua simu kwa mkono wake, akaiunganisha na runinga mwenyewe, na huku anatabasamu akabonyeza. Mwanawe akajaa ukutani na toroli lake. Mluzi ulisikika kwa mbali.

Mama Mapazia hakuwa anatazama runinga. Alikuwa anawatazama watu, na hakumwona hata mmoja aliyeshtuka. Walikuwa wameinamisha macho kwenye chupa zao za soda, wote, kama watu wanaosubiri sala ndefu iishe.

"Nilimtuma mimi," Mwenyekiti alisema baada ya kukohoa. "Pampu ilikuwa haivuti vizuri, nikamwambia aipeleke kwa fundi. Si ndivyo, Mama Famasia?"

"Ndivyo. Nilisahau tu kuwaambia."

"Hata mimi nilisikia kitu kama hicho," akasema Mwalimu.

Uongo ule ulinuka, lakini Mama Mapazia aliudaka pale pale. "Vizuri. Kama ilipelekwa kwa fundi, basi haikuibwa. Basi huyu mama hakuiba. Aombwe radhi hapa hapa alipochafuliwa, yaishe."

Neno moja tu lilitakiwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hata watoto wadogo wanaujua msemo huo. Kwa muda Mama Mapazia aliamini kwamba mtu atalisema. Ndipo Mwalimu alipoinuka na kurekebisha miwani.

"Ya pampu tuyaache," alisema. "Lakini tuulizane, lile furushi huwa lina nini? Hilo bado halijajibiwa."

Ungewaona walivyopata uhai. Viti vilisogea, shingo zikanyooka, na waliokuwa wanatazama chupa wakapata pa kutazama. Walimtaka alifungue. Bi Povu akaliweka furushi sakafuni na kulifungua. Mlikuwa na gauni la kubadilisha, taulo kuukuu, na mfuko wa plastiki wenye vipande vya sabuni, vile vyembamba vinavyobaki mwisho wa kufua, vya rangi zote, amevigandamiza vikawa donge.

"Sabuni zetu," alisema Mama Famasia, na sauti yake ilikuwa na raha.

"Kumbe," mtu akadakia nyuma. "Kidogo kidogo hivi hivi."

"Hivyo ni vya kutupa," Mama Mapazia alisema. "Nani hapa anaokota kipande kama hicho?" Walikuwa wanalitazama donge lile la sabuni kwa shukrani, kwa sababu liliwaokoa wasiombe radhi, na Mwenyekiti alikuwa ameshaelekeza simu yake kulipiga picha.

Bi Povu alifunga furushi lake, akakaza fundo.

"Nimefua mashuka ya kila nyumba hapa," alisema taratibu. "Najua kila nyumba inavyolala. Yupo mwenye mume na analala peke yake. Yupo mwenye cheo chake na anakojoa kitandani. Kuna siku mmesikia neno kutoka kwangu?"

Mama Mapazia aliwatazama mmoja mmoja akaitafuta aibu, hakuiona. Ilikuwa hofu tupu, kila mmoja anayakumbuka mashuka yake. Mke wa Mwenyekiti alimtupia mumewe jicho la haraka, na Mwenyekiti akasema palepale kwamba mama huyu asikanyage tena mtaa wao. Mikono ikapanda. Habari ya kumbandika nguzoni ilikufa hapo, kwa kuwa hakuna aliyetaka mitaa mingine ione picha yake ikamuuliza anachojua.

Mama Mapazia alimfuata hadi nje. "Mama, samahani. Nilitaka wakusafishe jina."

"Umesema, mwanangu. Wengine hawakusema," alijibu Bi Povu, akajitwika furushi. "Sasa na wewe tafuta pa kushonea."

Hakukosea. Wiki haikuisha, Mwenyekiti alikuja dukani na kusema kwamba chumba kile ana matumizi nacho. Hakugomba. Alishika pazia lililokuwa kwenye meza, akasifu mshono, akataka funguo. Mume wa Mama Mapazia alikunja uso, akasema nilikwambia, kisha akaenda kutafuta mkokoteni.

Siku ya kuhama walipakia cherehani, meza ya kukatia na marobota ya vitambaa, wakaanza kuusukuma mkokoteni kuupandisha mtaa. Walipofika kwa Mama Famasia, geti lilifunguliwa na mwenyewe akatoka haraka, kama mtu aliyekuwa anawafuatilia kwenye simu.

"Dada, subiri kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Una namba ya Bi Povu? Nguo zimejaa ndani, na huyu mpya tuliyempata anachana mashuka. Mwambie aje jioni, apitie mlango wa nyuma, nitamwomba Mwalimu ageuze kamera yake. Mwambie habari ya sabuni tumemsamehe."

Mama Mapazia aliachia mkokoteni. Alimtazama mwanamke yule aliyesimama ametabasamu, anasubiri namba, kisha akainua macho akaitafuta kamera juu ya geti. Akasogea hatua mbili mpaka alipokuwa na hakika inamwona vizuri, uso wote. Akakusanya mate, akayatema kwenye kizingiti, karibu na ndara za Mama Famasia.

"Twende," alimwambia mume wake, na mume akasukuma.