Juzuu ya Tatu

Bi Pruett, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliapa kwamba yule binti wa kwenye riwaya ya maktaba aliyemkataa tajiri alijitupa mtoni. "Nimesoma kwa macho yangu haya, Dorcas! Mwanamke akiringa, mwisho wake ndio huo."

Shangazi Hester akaguna. Bwana Garth, tajiri mwenye kinu cha kusagia unga, alitaka jibu la posa yake kabla ya Jumapili, na Dorcas hakumpenda hata chembe. Lakini alikuwa amesoma juzuu mbili za kwanza tu, na sasa akahofia mwisho wa yule binti.

Ijumaa zamu yake ikafika kwenye maktaba, ambako riwaya huazimwa juzuu moja moja. Akakimbia na ya tatu, ya mwisho, nyumbani, akaisoma kofia ikiwa bado kichwani. Mtoni binti alifika, kweli. Akavuka daraja, akaenda kwa dada yake, wakafungua shule ya wasichana. Dorcas akashusha pumzi, akacheka peke yake. Kumbe Bi Pruett aliishia juzuu ya pili, mengine kajitungia!

"Hakufa, Shangazi! Watu walimsema wakachoka, naye akausikiliza moyo wake. Nakuomba, mwandikie Bwana Garth kwamba sitaki."

Shangazi alivaa miwani, akaivuta juzuu kwake, akafungua ukurasa wa kwanza ajionee mwenyewe kabla ya kushika kalamu.