Harusi Ndani ya Tangi la Tatu

Jumamosi asubuhi Zainabu na bintiye Muhsina waliandika majina yao katika kitabu cha wageni, kwenye lango la kiwanda cha bia kilichofungwa nje kidogo ya Msambweni. Mlinzi, Mwinga, aliwauliza wanakwenda kutazama nini.

"Nilikozaliwa," alisema Zainabu.

"Angalieni misumari," akasema Mwinga, akawafungulia.

Kiwanda kilijengwa mwaka wa sabini na tatu, Zainabu akiwa na miaka tisa. Kijiji chao, Mikokoni, kilibomolewa kwa siku mbili. Kampuni ilipika bia miaka ishirini, ikafunga, ikaondoka na hati ya ardhi. Kila Zainabu alipoomba warudishiwe mahali pao, alijibiwa kwamba hakuna ushahidi kuwa paliwahi kuwa na kijiji.

Walipita chumba cha kuoshea chupa, ambamo sasa walilala popo, wakafika kwenye matangi ya shaba. La kwanza lilikuwa tupu. La pili lilikuwa na maji ya mvua na vyura. La tatu lilinukia wali wa nazi. Walipanda ngazi wakachungulia. Mikokoni ilikuwa mle ndani, na nyumba zake za makuti, kuku wake na kisima chake. Palikuwa na harusi.

"Shuka taratibu, ngazi ina kutu," Zainabu alimwambia bintiye.

Mama yake Zainabu, Mwanafatuma, alikuwa akikuna nazi. Alikuwa amefariki zamani, akiwa mzee, lakini mle alikuwa na miaka thelathini, sawa na Muhsina.

"Shikamoo, mama," alisema Zainabu, kichwa chake kimejaa mvi.

"Marahaba. Umechelewa. Kaa hapa ukune hizi zilizobaki. Na huyu ni nani?"

"Mjukuu wako."

"Mashallah. Anajua kucheza?"

Muhsina alijua. Walicheza sengenya, ngoma ya Wadigo, mpaka alasiri. Zainabu alicheka hata mtandio ukamdondoka, akauacha pale pale chini. Muhsina alipiga picha mia mbili kwa simu.

Jumatatu walizipeleka ofisi ya ardhi, kilimani Kwale. Karani, Abdulrahim, alizitazama moja baada ya nyingine, akasimama kwenye moja.

"Huyu mwenye ngoma ni babu yangu," alisema. Kisha akairudisha simu. "Kijiji kipo, Bi Zainabu, sikatai. Lakini kimo ndani ya tangi, na tangi ni mali ya kampuni."

"Basi njoo ule," alisema Zainabu.

Alikuja Jumamosi, amevaa tai. Alivua viatu, akashuka.

"Wewe ndiye wa ofisini?" aliuliza Mwanafatuma.

"Ndiye mimi, mama."

"Kula kwanza."

Alikula sahani tatu. Babu yake alimpisha kwenye ngoma, naye Abdulrahim akaipiga mpaka mikono ikavimba, na bibi harusi mwenyewe akaja kumfuta jasho. Hakuna aliyefurahi kumshinda siku ile.

Wiki iliyofuata barua ilitoka: ombi limekataliwa. Ilikuwa na mhuri, na sahihi ya Abdulrahim iliyopinda kwa sababu ya vidole vilivyovimba. Aliileta mwenyewe nyumbani kwa Zainabu. Zainabu aliisoma yote, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya godoro pamoja na zile nyingine.

Abdulrahim hakuondoka. Alisimama mlangoni akisugua viganja.

"Ngoma nyingine ni lini, Bi Zainabu?"

"Jumamosi," alisema Zainabu. "Uje na mkeo."