Fimbo Iliyopigwa Picha

Niambie, wewe unayesikiliza: umewahi kuona aibu ya kosa ambalo hakuna hata mtu mmoja aliyekukemea? Aibu ya kukemewa hupita kama mvua ya mawe. Unajikunyata, unalowa, jua linatoka. Lakini ile ya kunyamaziwa unalala nayo, unaamka nayo, na ukikaa kula inakaa pembeni ya bakuli ikikutazama.

Royden alikuwa nayo tangu Januari, na sasa Aprili ilikuwa inakwisha.

Jumamosi hiyo asubuhi aliegesha gari nyuma ya kibanda cha mjomba wake Elwood, kule Onondaga, kwenye ardhi ya wenyeji wa asili wa Amerika, akazima injini, asishuke. Kupitia dirisha la kibanda aliona kila kitu mahali pake: benchi la kuchongea, kisu cha mipini miwili, vijiti vya hikori, ule mti mgumu, vilivyokunjwa kwa mvuke vikining'inia darini vikauke, na vile vigoda viwili. Kimoja kilikuwa kimeng'aa kwa makalio ya Mjomba. Cha pili kilikuwa na gunia lililokunjwa vizuri juu yake, na Royden hakuwahi kuona mtu akikikalia. Yeye alidhani ni cha kuwekea makoti.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari, chini ya jaketi, ilikuwapo fimbo yake ya mti.

Royden alikuwa na miaka thelathini na mbili, na misimu kumi na moja alikuwa amelipwa kucheza lakrosi, ule mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, mjini, ndani ya ukumbi mkubwa, jezi namba kumi na tisa, watu wakisimama wakiimba jina lake. Alivunjwa pua mara mbili. Alivuka bahari kuchezea taifa lake, na pasipoti ya taifa hilohilo, ambayo wengi hawaijui, mfukoni, akasimamishwa uwanja wa ndege saa tano huku maofisa wakiigeuzageuza. Hakutikisika. Mjini alichezea fimbo ya plastiki kama wenzake wote. Ile ya mti ilikuwa ya nyumbani, ya mchezo wa Muumba, ule unaochezwa mtu akiugua ili apate nguvu. Mjomba alimchongea akiwa na miaka kumi na sita, na ndiyo angezikwa nayo.

Na fimbo ya namna hiyo haishikwi na mwanamke. Si kwamba wanawake wanadharauliwa. Kwao mwanamke ndiye mwenye ukoo na ndiye mwenye nyumba. Ila fimbo ina kazi yake na mwanamke ana nguvu zake, na viwili hivyo havichanganywi. Mama yake Royden, Verna, alifagia kuizunguka fimbo hiyo kwenye kona ya sebule miaka mingi, wala ncha ya ufagio haikuigusa. Kukiwa na vumbi chini yake, alimwita Royden kutoka popote alipo: "Njoo uinue kitu chako!"

Sasa Januari, timu ilitaka kuwa na usiku wa kuwaenzi watu wa Royden. Bwana wa matangazo akamwambia, "Ile ya mti unayo? Ilete bwana, itapendeza." Akaileta. Akapigwa picha. Wakaja wasichana watatu wa kushangilia, na mmoja akasema, "Jamani nzuri! Naomba niishike kidogo." Hawakuwa na kosa, maana hawakuambiwa. Royden angeweza kusema neno moja tu. Lakini watu walikuwa wengi, taa zinawaka, akaona atakuwa kama mshamba anayeharibu sherehe. Akacheka, akampa. Ikapita mkono kwa mkono, wa tatu akaiweka begani kama jembe.

Kicheko kile ndicho kilichomla. Picha ikawa bango.

Alhamisi Verna alikuwa amempigia simu. "Kifua cha mjomba wako hakimwachi. Nimemwombea mchezo, Jumamosi asubuhi. Yeye hawezi kuomba, unamjua. Ataomba nini yule, hata chumvi mezani haombi. Uje na fimbo yako."

Akaja nayo. Lakini angeiingizaje uwanjani?

Alishuka mikono mitupu. Kiwanjani wanaume walikuwa wamekwisha kukusanyika, wazee upande huu, vijana upande ule, milingoti miwili ya goli kila mwisho. Wanawake walisimama mbali, karibu na sufuria za supu ya mahindi meupe, yale yanayochemshwa kwa majivu mpaka yavue maganda.

"Ohoo, mtu wa televisheni kaja!" Kirby alipaza sauti. Huyu ni binamu yake, fundi wa mabomba, tumbo limemtangulia. "Mleteeni kochi! Mleteeni na mwavuli!"

"Goti," Royden alisema. "Goti linanisumbua."

"Goti? Sisi huku tuna magoti ya makumbusho na tunacheza. Mtazame Mzee Harlan, goti lake lilistaafu kabla hujazaliwa!"

"Na bado nitakupita wewe na tumbo lako," Mzee Harlan akajibu, na watu wakacheka.

Royden hakucheka. Alikwenda alikokaa Mjomba, kwenye kiti cha kukunja, blanketi mpaka kidevuni. Alikuwa amekonda. Mikono yake tu ndiyo ilibaki mikubwa, na juu ya mapaja alikuwa amelaza fimbo yake mwenyewe, ya zamani, mpini umekuwa mweusi kwa jasho.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Goti gani?"

"La kushoto."

"Ijumaa ya wiki jana ulikimbia kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Nilikuona kwenye televisheni."

Royden akatazama chini. Uwanjani walikuwa wanasema maneno ya shukrani yanayotangulia mambo yote, kuanzia ardhi mpaka nyota, na tumbaku imetiwa motoni. Moshi ulinyooka juu. Alijua wakimaliza mpira utarushwa, na mtu huyu, aliyemkunjia mti kwa mvuke akaungoja ukauke miezi kumi, atachezewa mchezo na kila mtu isipokuwa yeye Royden.

"Sina goti, Mjomba," akasema. "Fimbo iko garini. Niliwapa watu waishike. Wanawake. Walipiga picha nayo na mimi nikacheka tu. Nilikuwa najua, na nikacheka."

Mjomba alikohoa kwa muda mrefu. Kisha akapangusa mdomo kwa leso.

"Bango limebandikwa kituo cha mafuta," alisema. "Mlangoni, pale mtu anaposhika kuuvuta. Tangu Februari nikienda kuweka mafuta lazima nikushike uso ndipo niingie."

Royden alitamani ardhi immeze. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini usichokijua? Nilingoja wewe uniambie."

"Mama ameliona?"

"Mama yako siku hizi anaweka mafuta mjini. Maili saba zaidi." Akalivuta blanketi. "Hiyo yako tutaipeleka kwa wanaojua, watasema ifanyweje. Leo usiitumie." Akainua fimbo yake kutoka mapajani, akamnyooshea. "Shika hii."

"Mjomba, hii ni ya kwenda nayo."

"Basi bado sijaondoka. Nenda. Na usicheze kama mjini; hakuna anayekulipa kumwangusha Harlan."

Royden akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nzito kuliko yake, na wavu wa ngozi ulikuwa umelegea upande mmoja. Akaingia uwanjani, na hata Kirby alipoiona ile fimbo alimpisha njia. Walicheza mpaka mabao saba. Royden hakufunga hata moja. Alikimbia, akapasia, akaanguka kwenye tope, akaamka, na machozi yakapata jasho la kujifichia.

Mwishoni wakampa yeye mpira wa ngozi ya kulungu ampelekee mgonjwa, kwa kuwa hubaki kwake. Alipiga magoti kwenye majani, akauweka ndani ya ile mikono mikubwa, na fimbo akairudisha mapajani. Verna alileta bakuli mbili za supu. Akampa kaka yake, akampa mwanawe, akamtazama mwanawe usoni kwa kitambo, akamfuta tope shavuni kwa kidole gumba, akarudi kwenye sufuria.

Walikula. Mjomba alimaliza nusu, jambo ambalo hakuwa amelifanya wiki nzima.

"Wavu wako umelegea," Royden alisema. "Kushoto."

"Najua. Macho hayaoni tena tundu." Mjomba aliugeuza mpira kiganjani, mara moja, mara mbili. Alitazama kibanda. "Kile kigoda cha pili," alisema.

"Cha makoti?"

"Si cha makoti. Nilikichonga mwaka ule nilipokupa fimbo. Kisha mjini wakakuita, ukawa na furaha, nikaona nisikuzuie." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Nilitaka ukikalie, Royden. Nilitaka nikufundishe kuchonga."