Uko Huru Kukataa

Goretti alizisoma karatasi za kukubali kujaribiwa dawa mara ya pili, na kadiri alivyozielewa ndivyo alivyozidi kutamani asingezielewa. Bora zile za mwanzo, za Kiingereza cha kuvunja meno, ambazo mtu angetia sahihi huku amefumba macho. Hizi zilikuwa za Kiswahili chepesi, herufi kubwa, na picha ya mwanamke anayesinzia kitini. *Dawa hii mpya ya kuzuia ndoto mbaya inaweza kukufanya usinzie mchana. Uko huru kukataa.* Na Goretti, ambaye ndoto za Uvira, kwao Kongo, zilikuwa zimemfuata hadi Rexdale, Kanada, mchana kutwa alisimama kwenye msumeno wa kukatia kuku, kiwandani karibu na uwanja wa ndege.

"Umeonaje, Mama Goretti?" aliuliza Shaila, binti wa Kihindi ambaye wazazi wake walitoka Dar. Kuandika fomu zinazoeleweka ndiyo ilikuwa kazi yake hapo kliniki, na aliipenda. "Niambie, kwa maneno yako mwenyewe. Unaweza kukataa?"

"Naweza."

"Vizuri sana!" Shaila akatia alama ya vema.

Vizuri nini? Katika kambi ya wakimbizi Goretti alishasikia 'uko huru' za kila namna. Kule, aliyeuliza swali kwenye foleni ya unga alirudishwa nyuma, na wenzake wakajifunza kunyamaza. Akatupa jicho mlangoni. Daktari alikuwa amesimama pale na kikombe cha kahawa, anatabasamu. Utafiti wa dawa hiyo ulikuwa wake. Na ni yeye huyo huyo aliyeahidi kumwandikia barua ya kupeleka kwenye kesi yake ya ukimbizi, ili waamini kwamba makovu ya mgongoni hakujichora mwenyewe.

Goretti akanong'ona, "Dada, nikikatala, ile barua yangu ataiandika?"

Shaila akapekua kurasa, mbele, nyuma. "Hilo halimo kwenye fomu, mama. Barua ni jambo lingine kabisa."

"Lakini dokta ni yule mmoja."

Shaila akamsogezea kalamu. Hasira ilimpanda Goretti, akaimeza. Mwenye nguvu mpishe. Akatia sahihi.

"Kuna aliyekulazimisha?" Ndilo lilikuwa swali la mwisho.

"Hapana."

Alama nyingine ya vema. Goretti akamgeukia daktari, akauliza habari ya barua. Daktari akajibu kwa Kiingereza, kwa upole.

"Anasema leo ana wagonjwa wengi," Shaila akatafsiri bila kumtazama. "Mtaongea ukija kuchukua vidonge vya pili."

Goretti akakinga kiganja apewe vya kwanza.